Peugeot 504, Datsun 1600 SSS au Ford Escort: gari gani la Safari ufufue na mtu wa kwenu?

Mtu akitaka kufufua gari la zamani la mashindano pamoja na mtu wa familia yake, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni gari gani lilishinda mara nyingi. Mimi humwuliza swali jingine: utalifufua na nani? Gari linalomfaa mzee aliyekula chumvi gereji silo linalomfaa binti wa kidato cha pili anayeshika spana kwa mara ya kwanza. Ndugu aliye Uingereza, ambaye mchango wake ni pesa na vifurushi vya spea, naye ana la kwake. Ukishajua mwenzako ni nani, nusu ya uamuzi umekwisha kuufanya.

Kule Marekani familia nyingi hufanya kazi hii kwa magari ya drag, yale ya kukimbia robo maili kwenye mstari ulionyooka. Kwetu Afrika Mashariki mashindano yaliyoingia watu kwenye damu ni Safari Rally, mbio za magari za masafa marefu, na magari ya aina zilizoipa jina bado yamo nyuma ya nyumba za watu Nakuru, Eldoret, Limuru na Moshi, mengine yamegeuzwa mabanda ya kuku. Nitalinganisha matatu ambayo familia ikichangishana inaweza kweli kuyapata: Peugeot 504, Datsun 1600 SSS na Ford Escort, ya umbo la kwanza lililotoka 1968 na ya pili iliyoendelea hadi 1980. Datsun 240Z na Mitsubishi Lancer 1600 GSR ya dereva Joginder Singh nimeziacha nje. Nazipenda sana, lakini siku hizi aliye nayo anajua ana nini, na bei anayotaja ni ya wakusanyaji.

Sifa zao barabarani

Hapa sitakaa sana, maana yote matatu yana haki ya kujivuna. Safari ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 1600 SSS iliishinda 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Escort RS1600 ya Hannu Mikkola na Gunnar Palm ilishinda 1972, na hao ndio wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuwapiku madereva wa hapa nyumbani. Björn Waldegård akaipa Escort ushindi mwingine 1977, safari hii kwa RS1800. Peugeot 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha 504 ya milango miwili (coupé) yenye injini ya V6 ikashinda 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Nyuma ya 504 kuna kaka yake, 404, aliyeshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka ile ya 1963 na 1968 matope yalikuwa ya kutisha hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili la mbele lilikuwa Peugeot.

Na kama kuna mtu kwenu anayesema mashindano si mambo ya familia, mkumbushe 1965. Joginder Singh alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant kando, ndani ya Volvo PV544. Mwaka 2011 Waldegård alishinda East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003, na aliyemsomea ramani alikuwa mwanawe Mathias.

Bodi: anza na sumaku

Kabla ya kuuliza habari za injini, chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba isikwaruze rangi, umpe mwenzako. Apite nayo taratibu milangoni, kwenye panda (bati zinazofunika magurudumu) na kwenye ukingo wa chini ya milango. Panapong'ang'ania ni bati. Panapoteleza ni puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, iliyopakwa rangi ikameremeta. Kazi hii mpe mtoto kama unaye, kwa sababu mtoto hana haraka ya kununua na hatajidanganya.

504 ina bati nene kidogo kuliko wenzake, lakini kutu huipenda sakafuni, ukingoni chini ya milango, kwenye panda za mbele na kwenye vikombe vinavyobeba springi za mbele. Datsun ina bati jepesi. Kinachoiua ni sakafu, buti, na zile reli mbili za mbele zinazobeba injini; zikishaliwa, gari halinyooki tena bila kufungwa kwenye fremu ya kunyooshea. Escort huoza juu ya shokapu za mbele, chini ya betri, na pale springi za nyuma za majani zinaposhikiliwa na bodi. Hapo pa mwisho ndipo pabaya zaidi, maana nguvu yote ya kulisukuma gari inapitia pale.

Tofauti yao kubwa imo kwenye tiba. Kutu ya Escort hutibiwa kwa pesa: Uingereza wanatengeneza upya paneli za Escort, hata bodi nzima mpya unaweza kuagiza. Kutu ya 504 hutibiwa kwa mikono. Fundi mzuri wa kukunja bati, wa Kariobangi au Gikomba kule Nairobi, atakutolea kipande cha sakafu kwa kuangalia upande wa pili ulio mzima. Datsun iko katikati na hapo ndipo inaposumbua. Paneli mpya zake zipo ughaibuni lakini si nyingi, na vipande vyake vya reli vina mikunjo ambayo si kila fundi anaiweza, kwa hiyo mara nyingi mnalazimika kununua gari la pili bovu ili kulikata. Kama uwanja wenu unatosha gari moja tu, hilo ni jambo la kulizungumza mapema.

Usisahau lilikokaa. Gari lililolala miaka kumi Nakuru au Nanyuki na lililolala miaka kumi Mombasa karibu na bahari si ndugu, hata kama picha zao zinafanana.

Injini: hapa ndipo mtakapoishi

Injini ndiyo sehemu ambayo watu wawili watakaa nayo miezi, kichwa kwa kichwa, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Injini ya kawaida ya 504 ya petroli, ya cc 1796 au 1971, imelazwa upande kwa nyuzi 45 na ina slivu zinazochomoka, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Maana yake ni kwamba silinda ikishalika huhitaji kuchonga bloku kwenye mashine. Unatoa slivu za zamani, unasafisha makao yake, unaingiza mpya pamoja na pistoni zake. Kazi kubwa inaweza kumalizika uani chini ya mwembe, na hiyo ndiyo sababu kubwa ninayoipendea kwa mradi wa nyumbani. Baba yangu, aliyefanya kazi na Peugeot karibu maisha yake yote ya ufundi, ana mahali pamoja tu ambapo haruhusu mtu aharakishe. Kila slivu inatakiwa ichomoze kidogo sana juu ya uso wa bloku ili gasketi ya kichwa iibane sawasawa. Huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya slivu, huingiza vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, husikiliza kwa vidole, halafu husema namba. Mimi naandika. Tukimaliza nne, anarudia kutoka mwanzo bila kuangalia nilichoandika, na namba zisipolingana tunatoa slivu na kusafisha tena. "Slivu ikizama," huniambia, "maji yataingia kwenye mafuta kabla hujaona Gilgil."

Kuna 504 zenye sindano ya mafuta ya mitambo badala ya kabureta. Ni injini tamu, lakini pampu yake inahitaji mtaalamu na hao wamepungua. Kama hamna mtu wa namna hiyo karibu, chukueni ya kabureta.

Datsun 1600 SSS ina injini ya L16, cc 1595, bloku ya chuma na kichwa cha alumini, kamshafti moja juu inayozungushwa na cheni, na kabureta mbili. Kwa kijana anayejifunza sijaona injini bora kuliko hii. Kila kitu kinaonekana. Ukifungua kifuniko cha juu unaona kamu, mikono yake na cheni, na kijana anaelewa kwa macho kile ambacho vitabu humweleza kwa michoro. Inamfundisha pia adabu. Ukitaka kutoa kichwa lazima kwanza uchonge kipande cha mti, chembamba upande mmoja, ukizamishe katikati ya cheni ili kuibana dhidi ya kikazio chake. Ukisahau, kikazio kinatoka mahali pake na utalazimika kufungua uso mzima wa mbele wa injini kukirudisha. Binti yangu alichonga chake kutoka mguu wa kiti kilichovunjika, akakifunga kamba ndefu ili kisije kikaanguka ndani, na sasa kile kipande kina msumari wake ukutani pamoja na spana.

Uzuri mwingine wa L16 ni ukoo wake. L18 iliyokuwa kwenye Datsun 180B ni dada yake wa karibu, na vitu vingi vinaingiliana. Bloku yenu ikiwa imepasuka, mradi haufi.

Escort lazima uigawe mara mbili. Escort nyingi zilizouzwa kwa watu wa kawaida zina injini ya Kent, ya chuma tupu, rahisi kama jembe. Zile za ushindi zilikuwa na injini ya Cosworth BDA yenye valvu 16. BDA ni kitu cha kutamanika, lakini kuijenga upya kunahitaji vipimo, vifaa na pesa ambazo zitamtoa mzee na mtoto kazini na kuwaacha wakisubiri simu ya mtaalamu. Kwa familia, Kent. Hata hivyo Kent ina jambo lake moja. Viti vya valvu vimechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha kichwa, na injini ile iliundwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikivilinda. Afrika kusini mwa Sahara iliacha kuuza petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Mkiijenga upya, pelekeni kichwa kwa mtu wa mashine apachike viti vigumu upande wa valvu za moshi, la sivyo mkianza kulikimbiza gari, valvu zitazama polepole na nafasi mliyoipima kwa uangalifu itapotea. 504 na Datsun, kwa kuwa vichwa vyao ni vya alumini, viti vyao vimepachikwa tangu kiwandani.

Chini ya gari

Escort inaongoza hapa kwa urahisi: ekseli nzima nyuma, springi za majani, hakuna siri. Mtu na kijana wake wanaweza kushusha ekseli yote mchana mmoja wakiwa na jeki nzuri na stendi nne. Datsun SSS ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na mkono wake, na mipira ya kuunganishia imeshakauka kwenye karibu kila gari utakaloliona. Kuibadilisha si kugumu, ila kunataka subira na mashine ya kukandamizia.

504 ndiyo inayobeba abiria kama mfalme, na ndiyo itakayokuchosha. Kuna za magurudumu ya nyuma yanayojitegemea na kuna za ekseli nzima. Lala chini uchungulie kabla ya kulipa. Zote shafti yake ya kupeleka nguvu nyuma imefungwa ndani ya bomba la chuma, kwa hiyo klachi haibadilishwi kwa kushusha giaboksi tu kama ulivyozoea. Lazima injini isogezwe mbele au mfumo wote wa nyuma urudishwe nyuma. Mkiwa mmetoa injini kwa sababu nyingine, wekeni klachi mpya wakati huohuo hata kama ile ya zamani inaonekana nzima.

Spea, na wanaozijua

Kwa 504, Kenya ina urithi. Ziliunganishwa hapa nchini, na zile za mwili mrefu ndizo zilizokuwa matatu (magari ya abiria) za masafa kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, hata watu wakasema tu "nimepanda Peugeot". Ukienda Kirinyaga Road, ambako wazee bado hukuita Grogan, kuna watu watakaokuuzia gasketi, raba na beringi za 504 bila kufungua kitabu. Spea za pikapu na za mwili mrefu zinasaidia injini na mbele ya gari. Vitu vinavyoadimika ni vya urembo: taa za mbele za umbo lake lile lenye pembe, michirizi ya kromu, vitambaa vya viti.

Datsun: vitu vya injini vinapatikana, kabureta zinafufuka kwa kit ya kuagiza, lakini taa za nyuma za SSS, dashibodi isiyopasuka na maandishi ya nembo vitakutafutisha. Dar es Salaam, pale Gerezani na Kariakoo, wakati mwingine huibuka kitu ambacho Nairobi kimekwisha.

Escort: kila kitu kipo, kipya, kwenye katalogi, kwa pauni. Hakuna gari la zamani lenye spea kamili kuliko hili, na hakuna litakalowamalizia akiba haraka kuliko hili. Mkiamua Escort, bajeti yenu iandikwe kwa pauni, na usafirishaji na ushuru viandikwe mstari wa peke yake.

Kuna spea nyingine isiyouzwa, nayo ni ujuzi. Mafundi wa 504 bado wapo, wengi sasa ni wazee wa miaka sitini na kupanda. Wakiondoka, maarifa yao yanaondoka nao, maana hawakuandika popote. Kwa sababu hiyo peke yake nasema: kama kwenu kuna mzee wa namna hiyo aliye hai na bado anapenda harufu ya petroli, usipoteze miaka ukitafuta Escort. Tafuta 504 mwaka huu.

Sasa, nani?

*Ukiwa na mzee.* Chagua gari analolijua, hata kama silo unalolitamani wewe. Mara nyingi litakuwa 504. Mgawanyo wa kazi uwe wazi na wenye heshima: yeye anakaa kwenye kiti, anapima, anaamua, anasikiliza injini, wewe unalala chini, unanyanyua, unasukuma. Usimpe kazi ya kusafisha nati kwenye mafuta ya taa kama anavyopewa mwanagenzi. Na ukitofautiana naye juu ya jambo la ufundi, usimrekebishe mbele ya watu. Msubiri mkiwa wawili, umwambie, "Mzee, hebu tuipime tena." Akikosea atajirekebisha mwenyewe. Jambo lingine ni muda. Mzee hahitaji mradi wa miaka saba. Chukueni gari linalotembea au lililo karibu kutembea, mlifanye kwa vipande, ili kila baada ya wiki kadhaa apate kulipanda. 504 inakubali kufufuliwa namna hiyo, ikiwa hai. Escort inayojengwa kwenye bodi mpya haikubali. Inakaa vipande vipande hadi siku ya mwisho.

*Ukiwa na kijana au mtoto.* Datsun, ikipatikana yenye bodi nzima. Injini yake inafundisha, gari ni dogo, na hadithi yake humshika mtoto. Mwambie kwamba Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda Safari mara 5, zote kwa Datsun, na 4 kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kisha mwonyeshe Datsun yenu. Isipopatikana yenye bodi nzima, chukua Escort ya Kent, na uiruke 504, kwa sababu uzito wa vitu vyake na ile shafti ndani ya bomba vitamkatisha tamaa kabla hajaonja utamu. Mtoto umpe kazi yenye mwanzo na mwisho wa siku hiyohiyo: kabureta moja, breki ya gurudumu moja, taa moja. Anapoondoka jioni awe amekamilisha kitu.

Usalama wa mtoto si wa mzaha. Hakuna kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata dakika moja. Ni stendi, kila mara. Viatu vya breki na klachi za miaka ile vilitengenezwa kwa asbestosi, kwa hiyo vumbi la ndani ya ngoma ya breki halipulizwi kwa upepo wala kwa mdomo. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa, na kazi hiyo aifanye mtu mzima aliyevaa barakoa. Anapochomelea fundi, mtoto awe upande mwingine wa nyumba.

*Ukiwa na ndugu aliye mbali.* Escort ndiyo inayokubali ushirika wa namna hii. Yeye yuko karibu na maduka, wewe uko karibu na gari. Anaweza kununua, kukagua na kufunga, na mnaweza kujadili kila kipande kwa simu mkiwa na katalogi moja mbele yenu. Kwa 504 atabaki mtuma pesa tu, na mtuma pesa huchoka. Wekeni daftari moja la matumizi ambalo wote wawili mnaliona, mliandike kila wiki. Ndugu wengi waliogombana juu ya gari hawakugombana juu ya gari. Waligombana juu ya risiti.

Kulirudisha lilivyokuwa au kulikimbiza

Hili mlikubaliane kabla ya kununua, kwa sababu mtu mmoja akiota maonyesho na mwingine akiota vumbi, gari litajengwa mara mbili.

Kwa maonyesho, kama Concours d'Elegance ya Nairobi pale Racecourse ya Ngong Road, majaji hutazama usafi na uhalisi: rangi iliyokuwepo, viti vilivyokuwepo, injini iliyokuwepo. 504 iliyotunzwa vizuri inang'aa hapo, na mzee wako akisimama kando yake akiulizwa maswali, utaona mabega yake yanavyonyooka. Datsun SSS nayo hupendwa, ila ukikosa zile taa za nyuma na nembo, alama zinakwenda.

Kwa mashindano ya magari ya zamani mambo ni mengine: fremu ya usalama ndani, viti na mikanda ya kisasa, tangi la mafuta lililokingwa, na kanuni za kipindi cha gari zinazosema nini kinaruhusiwa kubadilishwa. Kwa mashindano ya kimataifa FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, hutoa hati maalumu ya kiufundi kwa magari ya kihistoria, na ukaguzi wake ni mkali. Escort inaongoza kwa mbali hapa, kwa kuwa kila kifaa kinachohitajika tayari kimeshabuniwa na kukubaliwa. Lakini sikushauri familia inayoanza ianze na Safari Classic. Ni maelfu ya kilomita na inahitaji gari la huduma, mafundi na mfuko mrefu. Anzeni na matukio ya siku moja ya klabu za hapa nchini.

Kuna njia ya tatu, ninayoiona bora kwa wengi: gari la barabarani lenye sura ya Safari. Springi zilizoimarishwa, bamba la kukinga chini ya injini, taa kubwa mbele, matairi ya murramu, na ndani viti vya kawaida ambavyo bibi anaweza kukaa. 504 imezaliwa kwa jambo hili. Ila kama gari lenu kweli lilishiriki Safari zamani na mna ushahidi, picha au hati, acheni mashimo ya taa za zamani na namba iliyofifia mlangoni mahali pake. Rangi mpya huwezi kuiondoa ukapata ile historia chini yake.

Karatasi kabla ya spana

Msitegemee kuleta gari zima kutoka nje. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Gari lenu liko hapahapa, na historia yake ya umiliki iko hapahapa pia.

Linganisheni namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati na iliyoandikwa kwenye kitabu cha umiliki, herufi kwa herufi, kabla ya kutoa hata shilingi. Datsun na Escort zilizobadilishwa injini ni nyingi, na badiliko la injini lazima liandikishwe NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani. Likiwa halikuandikishwa, muuzaji alimalize yeye kwanza. Kwa 504 tatizo la kawaida ni jingine: kitabu bado kina jina la babu aliyefariki zamani, gari liko kwa shangazi, ufunguo uko kwa binamu. Hapo halihamishwi bila hati ya mirathi kutoka kortini, na warithi wote wana neno. Waiteni, wakae, mkubaliane gari litaandikwa kwa jina la nani na nani ana haki ya kuliendesha, muanze kortini, na injini iendelee kulala chini ya turubai hadi hati itoke.